KUTOKA OMUGO HADI JINJA: Jinsi Askari wa Miguu wa West Nile Alivyofunzwa

Nchi ya West Nile, iliyoko katika pembe ya kaskazini magharibi ya Uganda, tangu zamani imesifiwa na kulaumiwa kwa jambo moja, nalo ni askari. Yakitajwa majina ya Arua, Koboko au Omugo mbele ya wageni, wengi hufikiri bunduki na magwanda kabla ya kufikiri mtama, tumbaku na asali. Sifa hiyo haikuzaliwa katika damu ya watu wa huko, kama wakoloni walivyopenda kusema. Ilitengenezwa mwaka hadi mwaka katika viwanja vya kwata, na waliokuwa wakiitengeneza walijua vema wanataka mtu wa namna gani na hawataki wa namna gani. Anayetaka kuelewa yaliyozipata nyumba za Omugo baadaye hana budi aanze katika viwanja hivyo.

Mwanzo wake ulikuwa masalio ya jeshi la dola nyingine. Mwaka 1878 Emin Pasha, daktari Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, aliwekwa na serikali ya Misri kuwa gavana wa jimbo la Equatoria, kandokando ya mto Nile hadi Ziwa Albert. Wafuasi wa Mahdi walipoishika Sudan na kuikata njia ya Khartoum, Emin alirudi kusini, na mwaka 1885 akafanya makao yake Wadelai, ukingoni mwa Nile. Mwaka 1889 aliondoka pamoja na Stanley kuelekea pwani, lakini askari wengi walibaki nyuma chini ya Selim Bey. Kapteni Lugard aliwakuta Kavalli, upande wa kusini wa Ziwa Albert, mwaka 1891, akawachukua pamoja na wake zao, watoto wao na wafuasi wao, watu elfu kadhaa kwa jumla, akawatia katika ngome za Uganda.

Waliitwa Wasudani, na baadaye Wanubi. Lakini tukichunguza asili yao twaona kwamba wengi walikuwa Wakakwa, Wabari, Wamadi, Walugbara na watu wa makabila mengine ya huko huko juu ya Nile, waliotwaliwa utotoni au katika vita, wakafunzwa bunduki, dini ya Kiislamu na Kiarabu cha kambini. Basi hata kabla ya Mwingereza wa kwanza kujenga ofisi yake Arua, wana wa nchi ile walikwisha kuwa askari wa miguu katika jeshi la wageni.

Mwaka 1895 askari hao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa jeshi lililoitwa Uganda Rifles. Haikupita miaka mingi kabla ya wao kuasi. Mwezi wa Septemba 1897 waliagizwa kufuata msafara mrefu wa Meja Macdonald, hali wakiwa wamechoka kwa safari za mfululizo. Mshahara wao ulikuwa mdogo na wa kuchelewa, na mara nyingi walilipwa nguo badala ya fedha. Tena walizuiwa kufuatana na familia zao kama ilivyokuwa desturi yao. Uasi ukafika ngome ya Lubwa, Busoga, ambako Meja Thruston na Waingereza wenzake wawili waliuawa, na ukazimwa mwaka 1898 kwa msaada wa askari walioletwa kutoka Bara Hindi. Vitabu vingi vya zamani hueleza mambo hayo kana kwamba ni ukorofi wa Wanubi tu. Lakini ukiangalia madai yenyewe, ni madai ya mume na baba wa watoto: mshahara ulipwe, na mke asiachwe nyuma. Waingereza walijifunza somo hilo, na tangu hapo laini za familia zikawa sehemu ya kambi.

MABWANA WATATU KATIKA MIAKA MINNE

Tarehe 1 Januari 1902 majeshi yote ya Mwingereza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati yaliunganishwa kuwa King's African Rifles, ambalo wananchi walilikata jina wakaliita Keya. Uganda ilipewa Batalioni ya Nne na ya Tano. Ya Tano, iliyokuwa ya Wahindi, ilivunjwa mwaka 1904, ikabaki ya Nne peke yake. Makao yake yalikuwa Bombo, kaskazini ya Kampala, ambako wazee wa Kinubi walipewa mahali pa kukaa baada ya utumishi na ambako wajukuu wao wapo hadi leo. Kutoka kwa wazee hao Keya ilirithi maneno ya Kituruki na Kiarabu: koplo aliitwa ombasha, na sajini aliitwa shawishi. Hata neno afande, ambalo leo kila mtoto wa polisi na wa jeshi hulijua kabla hajaanza shule, ni lile lile effendi la Kituruki lililopita Misri na Sudan hadi Bombo.

Wakati huo Omugo haikuwa bado katika Uganda. Nchi ya magharibi ya Nile ilikuwa sehemu ya Lado, iliyokodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mwaka 1894. Leopold alikufa Desemba 1909. Mwaka uliofuata Lado ikaingia mikononi mwa serikali ya Sudan, na tarehe 1 Januari 1914 sehemu yake ya kusini ikakabidhiwa Uganda. Katika muda wa miaka minne mzee wa Terego alibadilishiwa bwana mara mbili bila yeye kuulizwa lolote. Bwana Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, aliweka kituo Arua mwaka huo huo wa 1914. Miezi michache baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, na Keya, iliyokuwa na batalioni tatu tu, ikakuzwa hadi kufikia batalioni 22 vita vilipokwisha mwaka 1918.

Baada ya bendera ikaja kodi, na kodi ililipwa kwa fedha. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Katika Buganda na Busoga mkulima alipata fedha kwa pamba, na baadaye kwa kahawa. West Nile ilikuwa mbali na reli, na serikali haikuwa na haraka ya kuipatia zao la kuuza, kwa sababu mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi yalihitaji vibarua, na vibarua wa bei nafuu hutoka mahali pasipo na pamba. Kijana wa Omugo aliyetaka shilingi za kodi, au ng'ombe wa mahari, aliona milango miwili mbele yake: kukata miwa kusini, au kuandikishwa Keya. Misheni zilikuwa zimefungua shule. Ile ya Mvara, karibu na Arua, ilianzishwa mwaka 1918. Lakini nafasi zilikuwa chache, na ada ilikuwa fedha vilevile.

Maofisa waandikishaji walikuwa na nadharia yao kwamba kuna makabila yaliyozaliwa kwa vita na mengine yasiyofaa. Waliwataja Waacholi, Walangi, Wakakwa, Walugbara na Wanubi. Ni ajabu kwamba makabila hayo yaliyozaliwa kwa vita yalikuwa yale yale yasiyokuwa na pamba ya kutosha wala shule za kutosha, na yaliyokaa mbali kabisa na mji mkuu. Kijana aliyesoma sana aliogopwa kuwa mwenye maswali. Aliyetakiwa ni mrefu, mwenye kifua, miguu imara, macho makali, na asiyejua kusoma gazeti.

SAFARI YA KURUTA

Siku ya kuandikisha vijana walisimamishwa mstari. Walipimwa urefu na kifua, wakakimbizwa, wakatazamwa meno, macho na nyayo. Daktari aliwapapasa shingo kutafuta tezi za malale, ugonjwa ulioisumbua sana West Nile kwa sababu ya mbung'o wa kandokando ya mito. Kituo cha afya cha Omugo kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuutibu ugonjwa huo. Aliyefaulu alitia alama ya dole gumba katika karatasi asiyoweza kuisoma, na tangu dakika hiyo akawa na namba. Namba hiyo ilikuwa mali yake kuliko jina lake, maana karani aliweza kuliandika jina kwa namna tatu katika vitabu vitatu, lakini namba ilibaki moja.

Kutoka hapo ilianza safari ambayo kwa wengi ilikuwa ya kwanza kuwatoa nje ya nchi ya baba zao. Walikwenda kwa gari au kwa miguu hadi mtoni, wakapanda meli na kusafiri juu ya Nile na Ziwa Albert hadi bandari ya Butiaba. Hapo walitiwa katika malori kupanda mlima hadi Masindi Port, wakapanda meli nyingine iliyokata Ziwa Kyoga hadi Namasagali, na kutoka Namasagali wakapanda gari moshi kwenda Jinja, mahali Nile inapotoka Ziwa Victoria, ambako makao ya Batalioni ya Nne yalihamishiwa baadaye kutoka Bombo. Njia hiyo ndiyo iliyotumiwa na wakata miwa pia, hata ndugu wawili wa nyumba moja waliweza kusafiri katika meli moja na kuagana Jinja, mmoja akienda Kakira, mwingine kambini. Njia yenyewe haipo tena. Maji ya maziwa yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, Butiaba iliharibika. Daraja la Karuma likafunguliwa 1963, na reli ikafika Pakwach mwaka uliofuata.

Mafunzo ya kuruta kabla ya vita yalichukua miezi sita hivi. Asubuhi ilianza kwa tarumbeta kabla jua halijachomoza. Kulikuwa na mazoezi ya viungo, kisha kwata kwa saa nyingi, kisha bunduki. Bunduki ilikuwa Lee-Enfield, ambayo kuruta alifundishwa kuifungua, kuisafisha, kuitaja kila kipande chake na kuifunga tena, kabla hajapewa hata risasi moja. Baada ya hapo ilikuja shabaha, kuchimba handaki, kutambaa, kusoma dalili za nchi, kulinda zamu usiku. Askari wa miguu, kama jina lake lisemavyo, hufunzwa kwanza miguu, na kwa muda mrefu sana askari wa Keya walitembea pasipo buti. Buti ilikuja kuwa vazi la kila mmoja wakati wa Vita vya Pili, na makuruta wengi waliona kuivaa ni adhabu kuliko kutembea peku.

Chakula nacho kilikuwa somo. Mlugbara amelelewa kwa enyasa, sima ya mtama au muhogo, pamoja na maharagwe au mboga iliyoungwa kwa ufuta. Kambini alikuta posho nyeupe ya mahindi, maharagwe na nyama kwa kipimo, vimegawanywa kwa saa. Wengine walinenepa kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Wake waliowafuata waume zao laini walilazimika kujifunza kupika unga huo, na waliporudi likizo walikwenda na mazoea hayo nyumbani.

Lakini somo lililodumu kuliko yote lilikuwa lugha. Amri za kwata zilitolewa kwa Kiingereza, na maelezo yote mengine yalitolewa kwa Kiswahili. Katika chumba kimoja cha makuruta aliweza kulala Mlugbara, Mkakwa, Mwacholi, Mlangi na Mteso, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Kwa miaka ya mwanzo Kinubi kilitosha. Kisha Kiswahili kikashika nafasi yake, kwa kuwa Batalioni ya Nne ilitumika pamoja na zile za Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Ofisa Mwingereza naye alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili. Nje ya kambi mambo yalikuwa vingine. Gavana Gowers alipopendekeza katika mwaka 1927 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni Uganda, wakuu wa Buganda na wamisheni wengi walipinga, naye Kabaka Daudi Chwa akaandika kukikataa mwaka 1929. Kwa hiyo katika Uganda Kiswahili kilibaki lugha ya jeshi, ya polisi na ya sokoni. Mtoto wa laini alikijua kuliko mtoto wa mwalimu.

BRIGEDI YA 21 NA BONDE LA KABAW

Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, Uganda ilitoa batalioni nyingi zaidi, na muda wa mafunzo ukafupishwa. Baada ya vita vya Ethiopia na Wataliano, Batalioni ya Nne ilikuwa katika Brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki pamoja na batalioni moja ya Nyasaland na moja ya Rhodesia ya Kaskazini. Machi 1942, Wajapani walipokuwa wakitishia Bahari ya Hindi, brigedi hiyo ilipelekwa kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa ni Sri Lanka. Mwaka 1943 zilifuata brigedi za 25 na 26, na zote tatu zikafanya Divisheni ya 11. Katika Brigedi ya 25 Waganda walikuwa Batalioni ya 34, na katika ya 26 walikuwa Batalioni ya 44.

Kwa muda wa miaka miwili na zaidi Brigedi ya 21 haikupigana, ilijifunza. Askari waliolelewa katika nyika ya wazi, ambako mtu humwona mgeni tangu yuko mbali, walifundishwa kuishi katika msitu ambamo mtu haoni hatua kumi mbele yake. Walijifunza kupita bila kuvunja kijiti, kulala juu ya maji, kujua sauti ya ndege aliyeshtuka, kumeza vidonge vya malaria kila siku mbele ya sajini. Jioni walikaa darasani. Kikosi cha Elimu cha Jeshi la Afrika Mashariki kiliwafundisha wengi kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na gazeti la jeshi la Kiswahili lilizunguka kombania hata likachakaa. Mtu aliyeandikishwa kwa sababu hajui kusoma alijikuta akisoma habari za Stalingrad ng'ambo ya bahari.

Katikati ya mwaka 1944 divisheni ilihamishiwa mpaka wa Burma. Ikateremka bonde la Kabaw wakati wa masika, mvua ikinyesha bila kukoma, barabara zikiwa tope la kufika magotini, na malaria ikiua kama adui. Wakuu wa majeshi walikuwa wamedhani haiwezekani kupigana bondeni humo msimu ule. Tarehe 2 Desemba 1944 askari wa Afrika Mashariki waliingia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Siku chache baadaye daraja refu la chuma likalazwa juu ya mto huo, na Jeshi la Kumi na Nne la Jenerali Slim likapita kuelekea Mandalay. Sifa za ushindi wa Burma zimeandikwa mara nyingi pasipo kutaja kwamba waliosafisha njia ya daraja lile walitoka Arua, Gulu, Zomba na Tabora.

Nyumbani Omugo vita hivyo vilijulikana kwa mambo mawili: fedha na barua. Askari aliweza kukata sehemu ya mshahara wake ikalipwa kwa mke au baba kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Mama alikwenda Arua kwa miguu siku ya malipo akatia dole gumba, kama mwanawe alivyofanya siku ya kuandikishwa. Barua ziliandikwa kwa Kiswahili na kukaguliwa na ofisa kabla ya kutumwa, kwa hiyo hazikusema uko wapi wala nani amekufa. Zilisema nawasalimu wote, ng'ombe wangu hajambo? Tena katika kijiji ambamo hakuna ajuaye Kiswahili, ilibidi atafutwe katekista au askari mstaafu aisome na kuifasiri, na hivyo siri za nyumba zikawa za kijiji. Wanawake kadhaa walipeleka watoto wao shule kwa sababu hiyo tu, wapate msomaji wao wenyewe.

KILE AMBACHO HAKIKUFUNDISHWA

Vita vilikwisha 1945, batalioni za ziada zikavunjwa. Waliobaki katika Batalioni ya Nne, na vijana wapya walioandikishwa, mmoja wao akiwa Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa na aliyeingia mwaka 1946, walipelekwa Kenya katika miaka ya 1950 kupigana na Mau Mau. Mtu aliyefunzwa kumvizia Mjapani msituni akaagizwa kumvizia Mkikuyu mwenye malalamiko ya ardhi. Hakuna mafunzo yaliyomwandaa kujiuliza swali juu ya hilo.

Hapa ndipo kasoro kubwa ya mafunzo yale inapoonekana. Keya ilimfundisha Mwafrika kila kazi ya askari wa miguu isipokuwa kuamua. Aliweza kuwa koplo, sajini, sajini meja. Aliweza kuongoza platuni nzima usiku katika bonde la Kabaw pindi ofisa wake alipouawa. Lakini asubuhi aliletwa kijana Mwingereza kutoka chuoni, naye mzee wa miaka kumi na mitano kazini akampigia saluti. Katika miaka ya 1950 kilibuniwa upya cheo cha effendi, kilichokuwa juu ya sajini meja na chini ya luteni, yaani mlango uliofunguliwa nusu. Haikuwa hadi mwaka 1961, mwaka mmoja kabla ya uhuru, Shaban Opolot na Idi Amin walipofanywa maluteni kamili. Wote wawili walitoka katika ngazi za chini, na shule ya Amin ilikuwa haba. Jeshi lililokuwa limekwepa wenye elimu kwa nusu karne lilitakiwa sasa kupata wakuu kwa haraka, likachukua waliokuwapo.

Tarehe 9 Oktoba 1962 Batalioni ya Nne ilibadilishwa jina ikawa Uganda Rifles, na baadaye Jeshi la Uganda. Maofisa wengi walikuwa bado Waingereza na mshahara ulikuwa ule ule wa kikoloni. Tarehe 23 Januari 1964, siku tatu baada ya maasi ya Dar es Salaam, askari wa Jinja waliasi wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Felix Onama, waziri wa mambo ya ndani, naye ni mtu wa West Nile, alikwenda kusema nao wakamzuia hadi alipokubali nyongeza. Majeshi ya Kiingereza yaliitwa kuwanyang'anya silaha. Lakini nyongeza ililipwa, na kila aliyekuwa kambini alijua sasa kwamba bunduki huleta jibu kwa siku moja. Ukilinganisha madai ya Jinja na yale ya Lubwa ya mwaka 1897, yanafanana kwa sehemu kubwa, ila matokeo yalikuwa tofauti.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 25 Januari 1971 Amin alitwaa serikali. Mwaka huo huo askari wa Kiacholi na Kilangi, watu waliokula posho ya sufuria moja na wenzao wa West Nile na kujifunza Kiswahili katika chumba kimoja, waliuawa kwa wingi katika kambi za Jinja na Mbarara. Nafasi zao zilijazwa haraka, na mafunzo ya miezi sita yakawa kumbukumbu ya wazee. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lakini kwa raia wengi ilikuwa lugha iliyosikiwa penye vizuizi vya barabara, na chuki waliyokuwa nayo kwa askari ikahamia katika maneno yake.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na majeshi ya Tanzania yakafika mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni. Watanzania walipoondoka West Nile mwaka 1980, askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka na kushambulia, na jeshi jipya la Uganda likalipiza kisasi kwa wananchi. Hakuulizwa mtu kama aliwahi kushika bunduki. Ilitosha kuwa wa huko. Mama aliyekuwa akitia dole gumba apate fedha za mwanawe, na jirani yake ambaye hakuwa na mwana jeshini hata mmoja, walikimbia pamoja kwenda Zaire na Sudan, watoto mgongoni. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliojikinga katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa na askari. Wengi hawakurudi makwao hadi baada ya mwaka 1986, wakakuta miti imeota ndani ya nyumba.

Vita vya vikundi viliendelea baadaye katika nchi hiyo hiyo, na wapiganaji wa West Nile Bank Front na UNRF II walikuwa kwa sehemu kubwa watu waliojua kazi hiyo peke yake, au wana wa watu hao. Mapatano na UNRF II yalitiwa sahihi Yumbe tarehe 24 Desemba 2002, na baadhi ya wapiganaji wakaingizwa katika jeshi la taifa, UPDF. Tangu 2017 Omugo yenyewe imepokea wakimbizi wengi kutoka Sudan Kusini, wengine wakitoka vijiji vile vile ambavyo wazee wa Omugo walikimbilia katika miaka ya 1980. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni.

Kijana wa Terego anayetaka kuwa askari sasa hujipeleka siku ya kuandikisha pamoja na vijana wa wilaya nyingine zote za Uganda, kila wilaya ikiwa na idadi yake. Bado hukimbizwa, bado hutazamwa macho na nyayo na daktari, kisha aliyefaulu hupelekwa shule ya makuruta ya Kaweweta. Lakini kabla ya mbio na kabla ya daktari huulizwa cheti cha kumaliza kidato cha nne, na asiye nacho hurudishwa nyumbani.